Wakenya wamewakosea nini?

Wadau, leo sina habari za bumu wala za mitihani. Kuna kitu kimenikaa kooni.

Juzi usiku pale kwa muuza chipsi mjadala ulikuwa Wakenya. Eti wana dharau, wana roho mbaya, Nairobi unaibiwa hadi soksi. Nikauliza, nani hapa amewahi kufika? Kimya. Mmoja akasema kafika Namanga. Namanga ya upande wetu! Jamani.

Haya maneno tumerithi. Jumuiya ilipovunjika 1977 mpaka ulifungwa hadi 1983, na ugomvi ulikuwa wa wakubwa. Tukaambiwa Mkenya ni bepari asiye na utu, nao wakaambiwa sisi wavivu wa Ujamaa. Na hadi leo mnachagua cha kukumbuka. Juni 2019 mbunge wa Starehe, Jaguar, alipotishia kuwatoa wafanyabiashara wa kigeni Nairobi, Watanzania wakiwemo, mlichemka. Kwamba polisi wa kwao walimkamata na serikali yao ikamkana, hamsemi. Vifaranga 6,400 kutoka Kenya tulivyovichoma moto sisi mwaka 2017, hamsemi kabisa.

Julai 2025 serikali ilipowapiga wageni marufuku biashara 15, saluni na kutengeneza simu zikiwemo, Kariakoo ilishangilia. Lakini tusidanganyane, kilio cha Kariakoo kilikuwa Wachina wanaouza rejareja. Msusi wa Kikenya aliingiaje kwenye hasira zenu?

Mimi nimekwenda, na mama na wadogo zangu wawili, harusi ya binamu. Sikieni sasa. Kinachoitwa dharau nusu yake ni lugha tu. Sisi hata chai ya pesa yetu tunasema "naomba". Mkenya anasema "nipe chai", basi, hajamtukana mtu. Gikomba kijana alimwambia mama, "Unanunua ama hununui?" Mama akanigeukia, "Huyu mtoto kalelewa wapi?" Kijana yule yule aliacha meza yake akambebea mzigo hadi kwenye matatu, akagoma kupokea hela. Nao hiyo "naomba" yetu inawachekesha, wanaona kama tunaomba msaada! Mdogo wangu wa mwisho siku ya tatu alishaanza kumwambia mama "nipe uji", akala kofi.

Wezi? Wapo. Na pale Msimbazi jioni nani anatembea na simu mkononi?

Nyie wa kwenye chipsi, pasi za kusafiria mnazo? Kaanzieni Uhamiaji, halafu mje tubishane.