Kukaza Sana Sio Kukaza Vizuri

Wasee, kuna video nilifuta wiki iliyopita na wengi wenu mmeniuliza kwa nini. Ile ya Probox ya mjomba wangu na zile rimu za spoti. Ilikuwa imeangaliwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Nimeifuta kwa sababu ilikuwa uongo. Nilisema "zimekaa fiti." Hazikuwa zimekaa.

Rimu ziliwekwa Jumamosi. Jumanne alfajiri tulikuwa tunatoka Njabini na mboga. Tulipopita Flyover, usukani ukaanza kutetemeka, halafu tukasikia kok, kok, kok. Mjomba akasema ni barabara. Mimi nikakubali, kwa sababu mimi ndiye nilimwambia rimu ziko sawa. Kabla ya Soko Mjinga gari ikaangukia upande, na tukaona tairi letu wenyewe likitupita mbele. Lilivuka lami, likaruka mtaro, likapita kati ya magunia mawili ya viazi. Nyuma ya gunia moja kulikuwa na mama ameketi. Hakuguswa. Mpaka leo nikifunga macho namwona vile aligeuka.

Sasa nisikizeni, kwa sababu najua mnachotaka kusema: "Fundi hakukaza." Hapana! Fundi alikaza. Alikaza na mashine ya hewa mpaka ikalia, halafu akapanda juu ya wili spana akairukia kwa miguu. Niko na hiyo klipu. Mlicheka nayo kwenye video.

Shida yetu Kenya ni hiyo imani: nati ikilegea, dawa ni nguvu zaidi. Mimi nasema hiyo imani itaua mtu.

Hivi ndivyo ilivyo. Rimu zilikuwa za Honda Fit, mtumba kutoka Japani. Probox ni Toyota. Zote zina matundu manne yenye nafasi sawa, na bolti zina unene na meno sawa. Kwa hivyo kila kitu kiliingia bila kelele. Hapo ndipo mtego ulipo. Tundu la rimu ya Honda limechimbwa mviringo kama bakuli. Nati za Toyota za rimu ya chuma zina mdomo wa koni. Weka koni ndani ya bakuli: inagusa kwa mstari mwembamba tu. Tena tundu la katikati la Honda ni milimita 56.1, na habu ya Probox ni 54.1. Rimu ilikuwa inaning'inia kwa nati peke yake, haikukaa juu ya habu.

Bolti ni kama springi. Ukiikaza inavutika kidogo sana, na huo mvuto ndio unabana rimu kwenye habu. Msuguano wa hapo ndio unabeba gari. Sasa ule mstari mwembamba wa alumini ukisagika, hata kidogo kabisa, mvuto unapotea. Rimu inaanza kuteleza kushoto na kulia. Mjerumani mmoja, Gerhard Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba huo mtelezo wa upande ndio unafungua nati. Nati inajizungusha yenyewe, hata kama ulikaza ukitoa jasho. Na ukikaza kupita kiasi, bolti inavutika mpaka hairudi, halafu siku moja inakatika.

"Weka washa ya springi." Pia hiyo tuache. Kitabu cha NASA cha kuchagua bolti, cha mwaka 1990, kinasema washa hiyo ikishakazwa inakuwa bapa kama washa ya kawaida na haizuii chochote. Lakini ukienda gereji yoyote utapewa kama hirizi.

Najua mtauliza haya nimeyatoa wapi. Usiku baada ya ajali sikulala, nikaangukia video za wawindaji wa Marekani wanaofunga darubini kwenye bunduki zao. Bunduki inapiga teke kila ukifyatua, skrubu zinalegea, shabaha inapotea. Darubini ikisogea upande sehemu ya kumi ya milimita, kwenye msingi wa sentimita 10, risasi inakosea kwa sentimita 10 ukilenga mita 100. Kwa hivyo wanajali. Wanafuta mafuta kwenye meno na spiriti. Wanahakikisha msingi umekaa sawasawa kabla ya kukaza. Wanaweka tone la gundi ya bluu ya skrubu. Wanakaza kwa spana ya kipimo, nguvu ndogo tu, nyutoni-mita 2 au 3. Halafu wanachora mstari wa rangi kutoka kwa skrubu hadi kwa msingi, ndio ikisogea waone.

Hiyo yote ni ya kutoboa karatasi! Sisi tunabeba watu watano na gunia, na kipimo chetu ni uzito wa fundi.

Gundi usiweke kwenye nati za tairi, hiyo ni ya skrubu ndogo. Grisi pia usipake: inafanya bolti ivutike zaidi kwa nguvu ileile. Lakini yale mengine tunaweza kuiga. Uliza fundi kama nati zinalingana na tundu la rimu: koni, mviringo ama bapa. Uliza kuhusu ringi ya katikati. Safisha kutu na rangi mahali rimu inakutana na habu. Kaza kwa mkono kwanza, kwa kuvuka katikati, gari ikiwa kwenye jeki. Malizia na ile spana inayolia "tak". Toyota nyingi ndogo ni nyutoni-mita 103, wala sio "mpaka mwisho." Ukishaenda kilomita 50 hadi 100, rudia. Halafu chora mstari. Zile mishale ya plastiki ya manjano unaona kwenye nati za malori kazi yake ni hiyo hiyo.

Mtasema hiyo spana ni ghali. Ni kweli. Lakini gereji ambayo ina spika kubwa nje na mashine ya hewa ndani haiwezi kuniambia imekosa pesa ya spana moja. Wateja hatujaiitisha, basi. Tunaitisha rimu zing'ae.

Na wale wa "wewe uliacha chuo mwaka wa pili, sasa umekuwa injinia?" Niliacha, ndio. Sina cheti. Lakini yule mama hakuwa anahitaji cheti changu asubuhi ile. Alihitaji mtu mmoja kati yetu watatu, fundi, mjomba ama mimi, aulize swali moja. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nashika kamera.

Kwa hivyo leo jioni washa tochi ya simu, inama kwa tairi, angalia nati zako. Kama kuna michirizi ya kutu ama unga mweusi umetoka chini ya nati, usiendeshe. Na ukisikia kok kok, tafadhali, sio barabara. Simamisha gari.