Mwalimu aingie darasani, mwanafunzi aruhusiwe kuuliza

Shule za Kitale na Bungoma leo zina madarasa, vitabu na wanafunzi wengi kuliko zilivyokuwa navyo miaka 20 iliyopita. Kilichoadimika ni kufunza kwenyewe. Katika shule nyingi, mwalimu huingia kipindi kikiwa kimeshaanza kuisha, huandika maelezo ubaoni, kisha huondoka. Mwanafunzi hunakili, hukariri na kusubiri mtihani. Mmoja haulizi, mwingine haulizwi, na wote wawili wamezoea kuamini kwamba hiyo ndiyo elimu. Tunasema waziwazi: mazoea haya ni dhuluma kwa watoto, na wanaoyaendeleza wanajulikana.

Tangu serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi Januari 2003, mjadala wa elimu nchini Kenya umekuwa wa vitu na mifumo: madawati, mgao wa fedha, majengo, mtaala. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 unaaga. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Hayo yote ni mabadiliko makubwa. Hata hivyo, hakuna mtaala unaojifundisha wenyewe. Benki ya Dunia ilipochunguza shule zetu mwaka wa 2012, iligundua kwamba zaidi ya walimu 4 kati ya 10 hawakuwa darasani katika saa za vipindi. Wengi wao walikuwa papo hapo shuleni. Na ripoti ya tathmini ya watoto ya Uwezo ya mwaka wa 2021 ilionyesha kuwa ni watoto 2 tu kati ya 5 wa Gredi ya 4 walioweza kusoma na kuelewa hadithi ya kiwango cha Gredi ya 3. Mkulima wa Kitale hajisifu kwa mbegu alizonunua, hujisifu kwa magunia aliyovuna. Wizara ya Elimu ingali inatusomea hesabu ya mbegu.

Eneo hili la magharibi halina kisingizio cha kutojua, kwa kuwa ushahidi umetoka papa hapa. Katika miaka ya tisini, shule za Busia na Teso zilipewa vitabu rasmi vya kiada ili ionekane kama vingeinua alama. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale wachache waliokuwa mbele tayari, kwani vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi, na kwa kiwango kilichowapita wenzao. Kitabu kiliwafikia watoto, somo halikuwafikia.

Mwaka wa 2005 ikawa zamu ya Bungoma na Butere-Mumias. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 140 za msingi zilizopewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza kwa kandarasi. Madarasa hayo, yaliyokuwa na wastani wa watoto zaidi ya 80, yaligawanywa katika mawili. Kila mtu angetarajia kwamba darasa likipungua nusu, mtoto atafaidi. Haikuwa hivyo kwa waliobaki na mwalimu wa kudumu. Baadhi ya walimu hao, walipoona msaada umefika, walilegeza bidii. Waliofunzwa na mwalimu wa kandarasi, aliyelipwa takriban robo ya mshahara wa mwenzake, ndio waliofanya vyema zaidi. Pale ambapo wazazi wa kamati ya shule walifunzwa jinsi ya kumsimamia mwalimu, ulegevu ulipungua. Na pale ambapo watoto waliwekwa pamoja kulingana na kiwango cha kuelewa, alama zilipanda kwa waliokuwa mbele na kwa waliokuwa nyuma. Kremer na Duflo walikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019. Dunia ilisoma somo lililotoka Bungoma. Bungoma yenyewe na jirani yake Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, bado hazijalisoma.

Asitokee mtu wa serikali akadai kwamba dawa ni kuwalipa walimu vijisenti. Mwaka wa 2010 mpango wa walimu wa kandarasi ulijaribiwa katika mikoa yote minane. Uliposimamiwa na shirika la World Vision, alama za watoto zilipanda. Uliposimamiwa na serikali, kandarasi zikiwa zilezile, hazikupanda hata kidogo. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote: tofauti ililetwa na usimamizi. Serikali hiyohiyo iliwafanyisha kazi walimu wanagenzi wa sekondari msingi kwa Sh20,000 kwa mwezi, na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kwamba utaratibu huo ulikuwa kinyume cha sheria. Mwalimu anayedharauliwa na mwajiri wake hana moyo wa kumjali mtoto wa mwenzake. Hilo tunalikubali. Lakini mwalimu wa kudumu, mwenye mshahara na kinga ya chama, anayekaa katika chumba cha walimu kipindi chake kikipita, hana utetezi wowote mbele yetu.

Nyuma ya uzembe huo kuna mtazamo, na suala hilo si geni kwa Wizara. Mradi wa SMASSE wa kuboresha ufundishaji wa hisabati na sayansi, ulioanzishwa mwaka wa 1998 kwa msaada wa Japani, uliifanya awamu yake ya kwanza ya mafunzo kuwa ya kubadili mtazamo wa mwalimu. Waliouanzisha walijua kwamba mwalimu anayeamini kuwa wasichana hawawezi hisabati, au kuwa mtoto wa kijijini hana lolote, hasaidiwi na mbinu wala vifaa. Imani hiyo ingali inasikika katika vyumba vya walimu, ikisemwa mbele ya watoto wenyewe.

Kuna pia kiboko. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikaifanya kuwa kosa la jinai. Bado wapo walimu wanaomchapa mtoto kwa kukosea jibu. Mtoto anayechapwa hivyo hujifunza jambo moja tu, kwamba kunyamaza ni salama. Baadaye tunamlaumu kwamba hashiriki darasani.

Wanafunzi nao wasijifiche nyuma ya makosa ya watu wazima. Wapo wanaomdharau mwalimu anayewataka wafikiri, wakamsifu anayewapa maelezo ya kukariri na maswali ya kubahatisha. Wapo vijana ambao, wakishatoka jandoni Agosti, hurudi darasani wakijiona wakubwa mno wa kuambiwa kitu na mwalimu wa kike. Utu uzima usiomheshimu mwalimu ni upungufu wa malezi, na wazee wa mila wana wajibu wa kulisema hilo kwa sauti katika msimu wa tohara. Mzazi anayemtoa mwanawe darasani kwenda kuvuna mahindi ya watu Trans Nzoia naye anashiriki kosa hili, hata kama umaskini ndio uliomsukuma.

Uamuzi wetu ni huu. Mwalimu mkuu aweke rejista ya vipindi vilivyofunzwa, itiwe saini na kiongozi wa darasa kila siku, na isomwe mbele ya wazazi kila muhula. Kila shule ya msingi iwapime watoto kusoma na kuhesabu muhula unapoanza, kisha itenge angalau kipindi kimoja kila siku cha kuwafunza kulingana na walichokijua, bila kujali gredi waliyomo. Maafisa wa kudhibiti ubora waache kukagua makabrasha ofisini, waketi nyuma ya darasa. Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) imwajiri mwalimu kwa masharti ya haki, kisha imwadhibu anayekwepa kazi, na vyama vya walimu vya KNUT na KUPPET visimtetee. Anayechapa watoto ashtakiwe.

Nawe mzazi wa Kitale au Bungoma, nenda shuleni wiki hii wakati wa vipindi. Fika katika darasa la mwanao na uulize ni nani anayefunza saa hiyo. Usipopata jibu kwa mwalimu mkuu, lipeleke swali hilo kwa bodi ya shule na kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo, tena kwa maandishi. Mshahara wa mwalimu unatokana na kodi yako, na kipindi kilichopotea ni mali ya mwanao.