Nafasi ya Uhakika, Lakini ya Kitu Gani?

Jumapili iliyopita, nilipokuwa nimejinyoosha baada ya chakula cha mchana, jirani yangu alipiga hodi akiwa na simu mkononi na uso uliokunjamana. Yeye ni fundi cherehani, mtu asiyependa maneno mengi. Kaka yake alihamia Marekani miaka mingi iliyopita, akafanya maskani huko Texas na kupata mtoto wa kiume, ambaye sasa yuko mwaka wa pili wa chuo kikuu. Kijana huyo amewaarifu wazee wake wote, wa huko na wa huku, kwamba kikosi cha Marine kiko tayari kumpa mkataba wenye nafasi ya uhakika ya kusomea urubani. Baba yake amekwisha kuwatangazia jamaa kwamba mwanawe ni rubani. Bibi yake, aliyeko Muheza, amesusa kula. Na jirani yangu, ambaye ni baba mdogo wa kijana, ametakiwa naye atoe neno lake.

"Wewe mtu wa magazeti," akaniambia, "hebu nifafanulie. Uhakika wa nini hasa?"

Swali hilo lilinipendeza, kwa sababu ndilo lenyewe. Aidha, najua kwamba miongoni mwenu wasomaji wapo wengi wenye watoto wa ndugu katika nchi hiyo, na huenda siku moja mkatakiwa kulijibu.

Tuanze na jambo lililo wazi. Ili mtu awe ofisa katika majeshi ya Marekani sharti awe raia wa nchi hiyo na awe na shahada ya chuo kikuu, isipokuwa katika njia chache ambazo hazituhusu leo. Mgeni mwenye kibali cha kudumu cha ukaazi aweza kuandikishwa kuwa askari wa kawaida, lakini hawezi kupewa kamisheni. Kijana wetu amezaliwa Texas. Kwa hiyo ni raia, na mlango uko wazi kwake.

Kikosi cha Marine kina mpango wake kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, uitwao Platoon Leaders Class. Mwanafunzi huendelea na masomo yake kama kawaida, bila sare wala gwaride chuoni. Wakati wa likizo za kiangazi ndipo huitwa Quantico, katika jimbo la Virginia, kwenda kupimwa. Walio katika miaka ya mwanzo huenda mara mbili, wiki 6 kila mara. Aliyechelewa kujiunga huenda mara moja tu kwa wiki 10. Nasema kupimwa, wala si kufundishwa, kwa maana shabaha ya wakufunzi wa hapo ni kumchuja asiyefaa. Mtoto hunyimwa usingizi, hukimbizwa milimani, hufokewa, kisha hukabidhiwa wenzake awaongoze huku akitazamwa.

Sasa, ofisa wa kawaida wa kikosi hicho hajui atafanya kazi gani hadi amekwisha kupewa kamisheni. Akishakuwa luteni usu hurudi Quantico kwa muda wa miezi 6 hivi, katika shule ambayo kila ofisa mpya lazima aipitie, awe mwanasheria, mhandisi au rubani mtarajiwa. Humo hufundishwa kuongoza askari wa miguu, na humo ndimo kazi zinamogawanywa. Namna ya kuzigawa ni ya ajabu kidogo. Darasa hupangwa kwa alama, kisha hukatwa mafungu matatu: la juu, la kati na la chini. Nafasi za kila kazi hutawanywa katika mafungu yote matatu, ili werevu wote wasikimbilie sehemu moja na kuiacha nyingine kwa waliobaki. Hivyo basi, aliye wa kwanza katika fungu la chini aweza kupata kazi anayoitamani, hali aliye wa mwisho katika fungu la kati akaikosa. Jirani yangu aliposikia hayo alicheka kwa mara ya kwanza, akasema kumbe bora kuwa kichwa cha dagaa kuliko mkia wa papa.

Mkataba wa anga humwondoa kijana katika bahati nasibu hiyo. Kabla hata hajamaliza chuo, kikosi humwandikia kwamba akipata shahada, akapasi Quantico, akapewa kamisheni na kumaliza ile shule ya maofisa, atapelekwa kwenye mafunzo ya urubani. Hashindani tena na wenzake kuipata nafasi hiyo. Wanasheria nao wana mkataba wa namna hiyo. Katika Jeshi la Anga la Marekani, mwanafunzi anayepitia mafunzo ya uofisa chuoni kwake husubiri bodi imchague awe rubani, naye aweza kuwa ofisa asiguse usukani kamwe. Kwa upande huu, ndugu msomaji, ahadi ya Marine si maneno matupu, nami sikumficha jirani yangu.

Lakini kabla ya kuandikiwa mkataba huo kuna mitihani miwili. Wa kwanza ni wa maarifa: hesabu, ufahamu wa kusoma, mambo ya mitambo, elimu ya ndege na bahari, pamoja na jaribio la kushika vishikio vya usukani huku mtahiniwa akisikiliza sauti masikioni. Alama zake hutolewa kuanzia 1 hadi 9. Mtu huruhusiwa kuufanya mara 3 tu katika maisha yake yote. Baada ya mara ya kwanza hungoja mwezi mzima, na baada ya mara ya pili hungoja miezi mitatu. Atakayekwenda bila kujiandaa, kwa kudhani atajaribu bahati, anachezea risasi moja kati ya tatu alizo nazo.

Wa pili ni wa mwili. Macho hupimwa, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi. Hupimwa masikio na moyo, na hata urefu wa mapaja na mikono, kwa kuwa chumba cha rubani hakitanuliwi kwa ajili ya mtu. Na hapa ndipo mahali ambapo wazazi wengi hawapaoni. Kijana huchunguzwa kabla ya mkataba, akaambiwa yu mzima. Miaka miwili mitatu baadaye, akiwa tayari ni ofisa, hufika Pensacola, Florida, na huko madaktari wa urubani wa jeshi la majini humchunguza upya. Hao ndio wenye neno la mwisho. Wakigundua kasoro ambayo haiwezi kusamehewa, nafasi yake ya uhakika imekwisha, bila kosa lake hata moja. Nyumbani harudi. Yeye ni ofisa aliyekula kiapo, na atapangiwa kazi nyingine kwa kadiri ya mahitaji ya kikosi: pengine bohari, pengine mawasiliano, pengine mizinga. Miaka anayodaiwa ataitumikia huko.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayeshindwa mafunzo yenyewe, na mafunzo hayo si mepesi. Huanzia majini: mwanafunzi hufundishwa kuogelea na mavazi ya urubani mwilini, na kujinasua kutoka katika chumba cha mfano kilichozamishwa na kupinduliwa miguu juu. Kisha huja darasa, halafu ndege ndogo ya pangaboi moja iitwayo T-6, huko Whiting Field, Florida, au Corpus Christi, Texas. Baada ya hatua hiyo ndipo wanapotenganishwa. Wengine hupelekwa kwenye jeti, wengine helikopta, wengine Osprey, ile ndege inayopaa kama helikopta kisha ikainamisha mitambo yake na kwenda kama ndege ya kawaida. Kijana huulizwa apendalo, naam, ila alama zake na mahitaji ya juma hilo ndivyo huamua. Mkataba ulimhakikishia kuingia shuleni tu. Haukutaja jeti.

Jambo la miaka nililiandika kwenye karatasi, kwa sababu jirani yangu hupenda kuona hesabu kama anavyoona vipimo vya suti. Tuseme kijana anahitimu akiwa na umri wa miaka 22. Shule ya maofisa na kungojea zamu vyaweza kumfikisha 23. Mafunzo ya urubani hula takriban miaka 2. Anavikwa mabawa akiwa na miaka 25. Deni lake kwa kikosi huanza kuhesabiwa siku hiyo ya mabawa, wala si siku ya kamisheni, na kwa marubani wa jeti ni miaka 8. Kwa helikopta imepata kuwa 6, imepata kuwa 8, kulingana na mwaka wa mkataba. Basi atakuwa huru akiwa na miaka 33. Wenzake wa Jeshi la Anga hudaiwa miaka 10, na jeshi la nchi kavu nalo lilipandisha deni la marubani wake kutoka 6 hadi 10 mwaka 2020. Katika miaka hiyo yote atakwenda atakakotumwa, na vita havimwulizi bibi yake wa Muheza.

Zamani mpangilio ulikuwa mwingine. Frank Petersen, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa rubani wa Marine, alijiunga na jeshi la majini mwaka 1950 akiwa baharia wa kawaida. Alisoma urubani kwanza, na mwaka 1952 akapata mabawa na kamisheni kwa pamoja. Alipigana Korea na Vietnam, na mwaka 1979 akawa jenerali wa kwanza mweusi wa kikosi hicho. Siku hizi kamisheni hutangulia, na mafunzo hufuata. Ndiyo maana anayeanguka njiani huanguka akiwa na deni shingoni.

Mlango wa kutokea upo, nao uko mapema. Mwanafunzi wa mpango huu hafungwi hadi siku anapopokea kamisheni. Aweza kwenda Quantico kiangazi hiki, akaona, akakataa, mradi hajapokea fedha za kusomeshwa, maana hizo huja na masharti yake.

Mimi sikumwambia jirani yangu kijana ajiunge au asijiunge. Mtoto wa mtu ni wa kwao. Nilimwambia tu amwulize swali moja, naye akampigia simu pale pale barazani kwangu.

"Mwanangu," alisema baada ya salamu ndefu, "wakikunyima ndege, ukapewa funguo za bohari kwa miaka hiyo, utakuwa radhi?"

Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda. Kisha kijana akajibu, "Baba mdogo, naomba nikupigie Jumamosi."