Wasiorudi tuwapandie yago

SAFU: UPEPO WA NYANDO
Na Achieng' Odero

Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, zimesimama sanamu za shaba tangu 1928, mojawapo ikiwa ya mpagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita. Mpagazi huyo hana jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Nyanza tunahusika kuliko wengi. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wetu, ndiye aliyekabidhiwa 1917 kukusanya wapagazi nchi nzima. Machifu walidaiwa watu, wakatoa vijana. Inakadiriwa wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka Kenya walikufa, na wengi si kwa risasi: ni kuhara damu, malaria na njaa. Kwa kuwa walitolewa na machifu, tukiweka kibao hapa Ahero, kisithubutu kusema walijitolea.

Ndiyo, nataka kibao, na nataka mti. Ila jakaranda wabaki nayo Nairobi. Mjaluo akifia mbali na maiti isipatikane, watu wake huzika tunda la mti wa yago (mwegea) mahali pake. Ni mti gani mwingine unaowafaa watu hawa? Yago humea kando ya mito, basi huku kwetu nyanda za Kano hautakuwa mgeni.

Wangari Maathai alikwisha kuonyesha njia. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi, kila mmoja kwa heshima ya marehemu mashuhuri. Mmoja ulikuwa wa Gor Mahia wa Ogalo (vijana, namaanisha yule mganga, si timu).

Wenzangu wa stendi wananiuliza nani atamwagilia. Watu wanaolima mpunga kwa mifereji waulizane hilo? Mimi naihofia ardhi. Kaunti itoe kiwanja chenye hati, maana bustani isiyo na hati nchini humu hulala bustani ikaamka plaza.

Kazi ngumu ni majina. Wajukuu wa waliochukuliwa wenyewe sasa ni wazee, na wanatutoka. Shule za Nyando zianze likizo hii: kila mwanafunzi amuulize nyanya yake ni nani wa ukoo aliyekwenda Kariakoo asirudi, aandike jina, la babake na la kijiji, alikabidhi kwa mwalimu. Kibao kichongwe baadaye.