Kabla Hujamlipa Kocha wa Maisha, Uliza Maswali ya Umar



Wewe uliyemaliza chuo na bado uko nyumbani, hii ni yako. Kila ukifungua simu kuna mtu amevaa suti anakwambia shida ni fikra zako. Lipia darasa la Jumamosi, awe kocha wako, maisha yabadilike. Siku hizi wapo na wa kanzu na kofia, tofauti ni kwamba wanaanza na bismillahi.

Twende Malili kidogo. Ukitoka Mombasa kwa basi unaipita, kama kilomita 60 kabla ya Nairobi. Hapo serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili ijenge mji wa teknolojia wa Konza, na Januari 2013 Rais Kibaki akauzindua. Wanahisa wa ranchi wakalalamika kwamba pesa za ardhi yao hazikuwafikia inavyostahili, mambo yakaishia mahakamani. Sasa mkalishe kocha wa simu mbele ya mzee mmoja wa pale. Atamwambia nini? "Mzee, waza makubwa"? Mzee hakukosa mawazo. Alikosa kuonyeshwa hesabu.

Na kijana wa Garissa au Mandera, aliyesimamishwa mbele ya kamati ahojiwe ndipo apate kitambulisho, wakati mwenzake wa kaunti nyingine anachukua chake bila maswali hayo? Mpaka Februari 2025 ndipo rais akatangaza mwisho wa utaratibu huo. Huyo kijana hakukosa kujiamini. Alibaguliwa.

Hapo ndipo ugomvi wetu na hawa makocha. Hatusemi wote ni matapeli. Kuna mtu atakusikiliza, atakusaidia kupanga, na wiki ijayo atakuuliza umefanya nini. Hiyo ni nasiha, na nasiha ni dini. Lakini anayekwambia kila kitu ni kosa lako, huyo anakuuzia ukimya. Na unamlipa!

Basi utamchaguaje? Inasimuliwa kwamba mtu alimsifu mwenzake mbele ya Umar bin Khattab (r.a.). Umar akamuuliza: wewe ni jirani yake? Umewahi kusafiri naye? Mmewahi kufanya biashara ya pesa? Yote hapana. Umar akamwambia, basi humjui.

Fanya vivyo hivyo.

Ujirani: waulize wanaoishi naye, na waliopita kwake zamani. Usiridhike na wale aliokuchagulia yeye.

Safari: hiyo njia anayokuonyesha, yeye ameipita? Anayefundisha biashara na hajawahi kuuza hata maandazi, atakupeleka wapi?

Pesa: bei uijue mwanzo, risiti upewe, na mwisho wa masomo ujulikane. Kila mwezi kukiwa na "ngazi ya juu" ya kulipia, jua wewe ndiye mradi.

Tena usichanganye mambo. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayotaka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe. Jina la kocha mtu hujipachika tu. Kama hulali, umelemewa, unawaza kujidhuru, hiyo si kazi ya kocha. Nenda hospitali au kwa mshauri aliyesajiliwa, na usione haya.

La mwisho. Mpe mtihani mmoja kabla hujatoa shilingi. Mwambie: "Niliomba basari, nikanyimwa bila sababu." Akikujibu ubadilishe fikra, vaa viatu vyako uondoke. Akikuuliza, "Uliandika barua? Nakala unayo? Kesho twende tukaulize," huyo mshike.

Na huenda hata hatakulipisha. Huenda ni mjomba wako, mwalimu wako wa madrasa, au yule mama wa mtaani asiyenyamazia dhuluma.

Mtumie mwenzako aliye karibu kulipa.

Wabillahi tawfiq.