Kopo la Vidonge Halishindi Fungu la Managu

JICHO LA MTAA, na Amani Kisaka

Ukishuka matatu jioni pale Satellite, Nairobi, antioksidanti zinakungoja kotekote. Kwenye rafu ya duka la dawa kuna kopo la vidonge, lebo yake ikiahidi kusafisha mwili, kukinga saratani na kurudisha ujana. Nje, mama mboga ameketi kwenye kigoda akikatakata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, kando yake mafungu ya managu, terere na saga yaliyonyunyiziwa maji yasinyauke. Anayelipia kopo hudhani amenunua kilekile kilicho kwenye fungu, ila kikali zaidi. Hapo ndipo anapopotea.

Neno lenyewe si uongo. Mwili unapochoma chakula kupata nguvu, au unapopokea moshi wa sigara, wa jiko na wa magari, hujitokeza molekuli ziitwazo radikali huru. Zimepungukiwa elektroni, kwa hiyo hupora za jirani: kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA. Antioksidanti hutoa elektroni yake bila yenyewe kugeuka mporaji mkali. Vitamini C, vitamini E na beta-karotini zina uwezo huo. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alipendekeza kwamba uzee wenyewe unatokana na uharibifu huu, na baadaye wengi wakaona njia imenyooka: walaji wa mboga na matunda huugua kidogo, mboga zina antioksidanti, basi zitolewe zitiwe kwenye kidonge.

Wazo hilo lilipimwa, likaanguka vibaya. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutaji sigara waligawanywa katika makundi. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani, jaribio la CARET lenye watu zaidi ya 18,000, wavutaji sigara na waliofanya kazi penye asbesto, lilisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 1996. Waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wakiugua saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi. Mwaka 2011 ikawa zamu ya vitamini E, iliyohusishwa na ongezeko la asilimia 17 la saratani ya tezi dume. Katika majaribio mawili ya kwanza, watu waliodhaniwa kuhitaji kinga hiyo kuliko wote, wenye mapafu yaliyojaa moshi, ndio walioumia. Mkazi wa jiji hili anayeuziwa kidonge cha “kuosha mapafu” ana haki ya kulijua hilo.

Sababu moja ni kwamba mwili hautaki radikali zote zimalizwe. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuulia vijidudu. Nyingine ni kwamba jani la managu si beta-karotini peke yake. Lina nyuzi, madini na kemikali nyingine nyingi zinazoingia pamoja, tena kwa kiasi cha sahani moja. Huenda hata antioksidanti zenyewe si chanzo kikuu cha afya ya mla mboga. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kutetea mboga hizi za kienyeji, zilizowahi kudharauliwa kama magugu na chakula cha maskini. Ajabu ni kwamba sasa tunalipa pesa nyingi kununua sifa zake zikiwa zimefungwa kwenye kopo kutoka ng'ambo.

Kuna atakayeuliza: mbona kliniki huwapa watoto matone ya vitamini A? Kwa sababu upungufu wa vitamini A hupofusha na kuua watoto, na tiba ya upungufu ni jambo tofauti kabisa na kumuongezea mtu mzima aliyeshiba. Mwingine atataja chai yetu ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, yenye anthosayanini tele. Ni kinywaji kizuri na fahari ya watafiti wetu. Anywe anayependa ladha yake, asiihesabu kuwa dawa.

Hoja nzito ni ya tatu: mboga za Nairobi zenyewe ni safi? Baadhi hukuzwa kando ya mito yenye maji taka, na madini mazito kama risasi yakishaingia ndani ya jani hayatoki kwa kuoshwa, hata ukiloweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Hoja hii siipuuzi, wala mama mboga hawezi kuimaliza. Yeye hununua sokoni kama sisi tunavyonunua kwake. Lakini kidonge hakiwezi kuwa jibu lake, maana hakiondoi risasi mwilini. Kaunti ya Nairobi ina maafisa wa afya ya umma. Wapime mboga zinazoingia soko la Kawangware, na matokeo yabandikwe pale pale langoni, kwa Kiswahili, mahali ambapo mnunuzi atayasoma kabla hajatoa pesa.