Rangi isije ikakuharibia mtumbwi

Aliyewahi kujitengenezea meza au kabati nyumbani huenda akadhani kwamba kuzipaka mbao rangi ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Kwa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kafi lenye bapa pande mbili, mambo ni kinyume.

Kayaki nyingi za kujitengenezea huundwa kwa plaiwudi nyembamba, aghalabu ya milimita 4. Vipande hushonwa kwa waya wa shaba na kugandishwa kwa gundi ya epoksi. Kisha chombo huvikwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi hiyo hiyo. Vazi hilo ndilo huzuia maji na kukipa chombo nguvu.

Rangi, basi, hukaa baina ya mbao na vazi hilo. Ikiwa ni ya mafuta, epoksi huenda isishike vyema. Vazi likibanduka, maji hupenya, mbao huoza, na atakayekuwa ziwani siku hiyo pengine ni mwanao. Kwa hivyo chagua rangi ya maji au ya spiriti, na uiache ikauke kabisa.

Adui wa pili ni matone ya gundi. Yakishakauka hayaonekani, lakini rangi ikipita huacha mabaka meupe. Kabla ya kupaka, pangusa mbao kwa kitambaa chenye maji. Mahali penye gundi patajitokeza. Mbao zikikauka, piga msasa nambari 220 polepole, maana tabaka la juu la plaiwudi ni jembamba na hutoboka upesi.

Je, rangi gani? Nyeusi hupendeza, lakini huvuta joto la jua, na epoksi nyingi hulainika zikipata joto jingi. Isitoshe, miale ya jua huila epoksi, kwa hivyo malizia kwa vanishi yenye kinga ya jua.

Mwisho, fanya jaribio. Chukua kipande kilichobaki cha plaiwudi hiyo hiyo, ukipake rangi, epoksi na kitambaa. Baada ya juma moja, jaribu kukibandua kitambaa kwa patasi. Kikitoka na nyuzi za mbao, endelea na kazi. Kikitoka kisafi, rangi hiyo haifai.

Tahadhari kabla ya hatari: heri uharibu kipande kuliko chombo.